Fidla ya Ruguru, Sehemu ya Saba: Mdomo wa Embu, Meno ya Kinoru

Wiki nzima mmenisumbua. Mmoja wenu alinisimamisha sokoni Mikinduri nikiwa nimekumbatia kabeji, akataka nimwambie palepale kulikuwa na nini ndani ya lile kasha. Nikamwambia angoje Jumamosi anunue gazeti kama wenzake. Leo ni Jumamosi, basi kaa vizuri.

Tulimwacha Ruguru, binti wa Mzee Nyamu wa Runyenjes, amesimama mbele ya ukumbi wa kanisa hapa Kinoru. Amevaa gauni la kijani na viatu vya kuazima. Nyuma yake okestra ndogo ya Mwalimu Kanana imekwisha kukaa, na watu wamejaa hadi madirishani. Ruguru ndiye mgeni wa jioni, mpiga fidla aliyetangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Alikuwa ameinama, ameinua kifuniko cha kasha lake, na uso umembadilika.

Fidla haikuwamo.

Mahali pake palilala kifurushi cha majani ya mgomba, mabichi bado, kimefungwa kwa nyuzi za mgomba huohuo, fundo juu ya fundo. Ruguru alifunua jani moja. Ilikuwa miraa. Wala si ile ya kununua kituoni ukisubiri gari lijae. Hii ilikuwa vitawi vyekundu vyembamba, vimelinganishwa urefu, vimepangwa kwa heshima na mtu asiye na haraka.

Kwa aliyeanza kusoma leo nitaeleza mara moja tu, kwa sababu wengine wamechoka kunisikia. Mzee Nyamu ni mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Hajawahi hata siku moja kumsikia bintiye akipiga fidla, kwa kuwa haamini kwamba hiyo ni kazi. Baada ya ugomvi wa mezani uliokula matoleo mawili ya gazeti hili, baba na mwana walikubaliana hivi: mzee atamsikiliza mara moja, leo. Akitoka hapa bado anaona ni mchezo, Ruguru ataweka fidla chini, na Jumatatu ataingia katika ofisi ya kiwanda cha kahawa ambako baba amekwisha kumtafutia kiti.

Mzee Nyamu hana maneno mawili, na bintiye amemrithi. Kwa hiyo jioni hii ilikuwa ya mwisho au ya kwanza, na kasha lilikuwa limejaa miraa.

Ruguru akafanya ambacho mtu yeyote angefanya. Alikitoa kile kifurushi, akakiweka kwenye meza iliyokuwa karibu, akaanza kupapasa ndani ya kasha kana kwamba fidla ni sarafu inayoweza kujificha pembeni. Meza iliyokuwa karibu ni ile ya wageni wa heshima, yenye maua ya plastiki na chupa za maji. Nyuma ya maua alikuwa ameketi baba yake.

Ukumbi mzima ukageuza macho kwa Kaberia. Kaberia ni mpiga besi, ile fidla kubwa kama kabati ambayo mtu huipiga akiwa amesimama. Siku nyingine zote za wiki ni mkulima wa miraa huko Mikinduri. Sisi tunajua tangu sehemu ya tatu kwamba anampenda Ruguru hadi hali ugali. Ruguru mwenyewe hajui, maana katika mazoezi ya wiki nzima Kaberia amemwambia neno moja tu, nalo ni "pole," siku alipomgonga kiwiko kwa upinde.

Beverlyne, msichana anayeongoza safu ya fidla, alimuuliza Kaberia kwa mnong'ono mkali kama ni yeye aliyeileta. Kaberia akatikisa kichwa. Alikuwa amejikunja nyuma ya besi yake hadi zikabaki kuonekana nywele.

Na wakati wote tukimwangalia Kaberia, hakuna aliyekuwa akimwangalia Mzee Nyamu. Hapo ndipo tulipokosea.

Mzee Nyamu alizaliwa huko chini Embu kwenye ukame, kabla ya kupanda Runyenjes kutafuta shamba. Huko muguka, majani yanayochangamsha kama miraa, hutafunwa bila sherehe. Watu hutafuna wakingoja mvua, hutafuna wakimngoja chifu, na hakuna anayemuuliza mwenzake maana yake. Mzee alipookoka aliacha. Lakini vidole vyake, nadhani, havikuwa vimeokoka. Vilitembea vyenyewe juu ya meza, vikapita maua, vikapita chupa ya maji, vikachomoa kitawi kimoja. Vikakiambua gamba. Kitawi kikaingia mdomoni.

Kisha cha pili.

Ukumbi mzima ulimsikia mzee akitafuna. Halafu nyuma kabisa, kwenye viti vya akina mama wa Tigania, vigelegele vikapasuka.

Mwalimu Kanana alidhani kuna nyoka. Wazee wa Kimeru walioketi safu ya pili waliinuka wote pamoja, wakaanza kupeana mikono. Naye Mutwiri, mshereheshaji, ambaye kazi yake ni harusi na mazishi na ambaye alikuwa ameapa kwamba leo atashika maikrofoni mara mbili tu, akaishika mara ya tatu.

"Bwana asifiwe," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa furaha. "Wapendwa, baba amefungua."

Baba alikuwa amefungua nini? Kama wewe ni wa huku juu, umekwisha kucheka. Kama ni wa mbali, sikiliza. Mmeru akitaka kuposa haendi kwa kina msichana mikono mitupu wala haendi na maua. Hupeleka kifungu cha miraa bora kinachoitwa ncoolo, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Wazazi wakikiacha kama kilivyo, mgeni hukichukua akaenda zake na hakuna aliyevunjiwa heshima. Baba wa msichana akikifungua na kutafuna, amekubali mazungumzo ya ndoa. Na Mzee Nyamu alikuwa ametafuna mbele ya kusanyiko zima, huku kwaya ya akina mama ikishuhudia.

Alipoelezwa, alikuwa bado na cha tatu mdomoni. Alisimama polepole, akafuta midomo kwa leso, na akajitetea kwa hoja ambayo hadi leo watu wa Kinoru wanaitaja.

"Mimi sijakubali kitu," alisema. "Hii mdomo yangu ni ya Embu. Haijui mambo ya huku."

Mzee Mbaka, mkubwa wa wale wazee wa safu ya pili, aliinama kwa adabu. "Mdomo ni ya Embu, hatukatai," alijibu. "Lakini meno ilitafuna ikiwa Kinoru."

Haya, basi. Kwaheri okestra. Ukumbi ukagawanyika papo hapo kama bunge. Waliotoka Embu na mzee walidai kwamba kwao msichana huposwa kwa pombe ya muratina, si kwa majiti, na kwamba desturi ya Meru inaishia Mto Thuci. Wameru wakauliza huo mto uko wapi humu ukumbini. Mtu mmoja mwenye busara nyingi kuliko akili alipendekeza waitwe wazee wa Chuka, kwa kuwa Chuka iko katikati. Huko jikoni, wanawake waliokuwa wakipika chai ya mapumziko walisikia vigelegele, wakaamua wenyewe kwamba sherehe imebadilika, wakaanza kukanda unga wa chapati.

Ruguru alikuwa bado amesimama na kasha tupu. Hakuna aliyemuuliza chochote. Okestra nyuma yake ilikuwa imeshikilia pinde hewani muda mrefu hivi kwamba mpiga selo mmoja aliuweka wake sakafuni.

Mwalimu Kanana ni mwanamke mpole. Amefundisha muziki katika shule ya upili miaka mingi bila kupiga mtu. Lakini alichukua ile fimbo yake ndogo ya kuongozea, akaigonga juu ya stendi ya muziki hadi ikakatika, na watu wakanyamaza.

"Nani ameleta hii kitu?" aliuliza. "Na violin iko wapi?"

Safu ya tatu, karibu na mlango wa jikoni, akainuka mwanamke mzee mwenye kiondo kikubwa. Ni nani kama si Cucu Ciokaraine, nyanya yake Kaberia. Jioni yote alikuwa ameketi pale na kiondo magotini, kimefunikwa leso. Kitu kirefu kilikuwa kinachungulia pembeni, na kila aliyekiona alidhani ni mwiko. Sasa Cucu aliondoa leso, nasi tukaona shingo ya fidla, vigingi vyake vinne, na mwili wake umelazwa juu ya sweta safi.

Alieleza bila aibu yoyote. Mjukuu wake alikuwa amemwambia nyumbani kwamba anampenda msichana fulani lakini hana ulimi wa kumwambia. Akamwambia pia kwamba msichana huyo popote aendapo hakosi kasha lake, hulifungua kwa upole kama mlango wa nyumba yake. Cucu akawaza. Akachuma mwenyewe, akafunga mwenyewe, akapanda gari kutoka Mikinduri. Ruguru alipokwenda kubadilisha nguo, kasha lilikuwa mezani jikoni.

"Huyu msichana hana boma huku," alisema Cucu. "Nikaona mahali anaweka roho yake. Nikapiga hodi hapo."

Kaberia alitoa kichwa nyuma ya besi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Cucu, tafadhali," alisema.

"Wewe nyamaza. Ungeongea mwenyewe, singekuwa hapa."

Ruguru alishuka jukwaani kwa viatu vyake vya kuazima, akaenda hadi safu ya tatu na kunyoosha mikono. Cucu alirudisha leso juu ya fidla. Alifanya hivyo bila ukali, lakini alifanya.

"Kiondo hairudi mtupu, mwanangu," alisema. "Nimeacha kitu kwako, nimebeba kitu yako. Unijibu, ndio nirudishe."

Ukiniuliza mimi, hiyo ilikuwa haki yake. Hakuna mama huku mlimani asiyejua kwamba kiondo kikija na kitu hurudi na kitu. Ubaya ni kwamba safari hii kilibeba jioni nzima ya mtu.

Mutwiri alisema kwenye maikrofoni kwamba hakuna shida, jibu lipo, baba ametafuna, basi Cucu arudishe fidla na tuendelee na ratiba. Mzee Nyamu akapinga: fidla ikirudi kwa sababu hiyo, basi ndoa imepita kama mswada. Basi akatae, wakasema wengine. Atakataaje, akauliza Mzee Mbaka, na ncoolo ya kukataliwa hurudishwa kama ilivyokuja? Hii imepungua.

Hapo shemasi mmoja wa upande wa Embu alijitolea kuikamilisha. Alifungua kifuko cha Biblia yake, akatoa majani machache ya muguka, akayachomeka katikati ya miraa na kusema sasa imejaa. Mzee Mbaka akainusa.

"Hii ni majani," alisema, akayatoa kwa vidole viwili.

Watu wa Embu walikasirika kuliko walivyokasirika kuhusu ndoa. Kwa muda mrefu mjadala ukawa ni kama muguka ni ndugu wa miraa au ni kitu kingine, na Ruguru akasahauliwa kabisa. Shemasi alitaka kujua kwa nini watu wa mahali fulani hujiona. Mzee Mbaka alisema haoni mtu yeyote akijiona, anaona majani tu. Mtu mmoja dirishani, ambaye hakuwa amealikwa na upande wowote, aliomba ajaribu vyote viwili atoe hukumu.

Beverlyne alipenya katikati yao, akamwazima Ruguru fidla yake. Hapo nilidhani tumeokoka. Ruguru aliiweka begani, akainua upinde, lakini Mzee Mbaka akainua fimbo. Alisema kwa masikitiko kwamba wageni wakiwa wameketi sebuleni kwako hawajajibiwa, huwezi kwenda kuimba kwa jirani. Kwamba hiyo ni dharau, na dharau ya hadharani hulipwa kwa ng'ombe dume. Wazee wote wakaguna kukubali. Ruguru akairudisha fidla ya watu.

Ndipo Mzee Nyamu akachukua kofia yake.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoumiza. Alisema ameona ya kutosha. Alisema kazi ya ofisi haina vigelegele, haina miraa, mtu huingia asubuhi akajua anafanya nini. Akamwambia Ruguru achukue kasha lake, watazungumza njiani. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, na watu wakampisha kama wanavyompisha mfiwa.

Sasa elewa. Akivuka kizingiti kile, amesikiliza mara moja na amesikia fujo. Mapatano yamekwisha. Jumatatu Ruguru anahesabu magunia ya watu wengine, na fidla inakwenda juu ya kabati kunywa vumbi.

Ruguru alimfuata hadi karibu na mlango. Hakumshika mkono. Alimuuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kwa hiyo tulisikia.

"Baba, wewe uliacha hiyo kitu kabla nizaliwe. Mbona umetafuna?"

Mzee aliangalia ndani ya kofia yake kana kwamba jibu liko humo.

"Niliogopa," alisema. "Nilikuona umesimama hapo mbele ya watu, mkono mitupu. Nikaogopa sana."

Mimi nilidhani mzee alitafuna kwa ulafi. Nimeandika sehemu saba za hadithi hii na sikujua. Kumbe yule mtu aliyesema fidla si kazi alikuwa ameketi pale akitetemeka kwa niaba ya mwanawe, hadi vidole vikamsaliti. Ruguru alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine. Aligeuka, akarudi hadi mbele ya safu ya pili na kuwaamkia wazee mmoja mmoja. Kisha akauliza kama kwao msichana anayeposwa huulizwa maoni yake.

Mzee Mbaka alichukizwa na swali. Alisema lazima aulizwe, kwani wao ni watu gani?

"Basi mniulize," alisema Ruguru.

Mutwiri akamsogezea maikrofoni, akamuuliza rasmi, kwa jina lake na jina la baba yake, kama mazungumzo yaendelee au yasiendelee. Jikoni waliacha kukanda. Kaberia alishika shingo ya besi kwa mikono miwili.

"Mimi ni mtu hajui kuongea," alisema Ruguru. "Vitu za maana nasemanga na hiyo iko kwa kiondo. Cucu anipatie, nijibu."

Cucu Ciokaraine alimtazama muda mrefu. Kisha tabasamu likamjia, la mwanamke aliyekutana na mwenzake. Aliuliza atajuaje kama ni ndiyo.

"Utasikia, Cucu."

Leso ikaondolewa. Fidla ikatoka kiondoni, ikiwa na uzi mmoja wa sweta umenasa kwenye kigingi. Mzee Nyamu alikuwa bado mlangoni. Hakurudi kuketi, lakini hakuvuka.

Mwalimu Kanana hakuwa na fimbo tena, akaongoza kwa kipande kilichobaki. Na hapa naomba niseme jambo. Tangu okestra ile ianze, watu wamezoea kuja kwa ajili ya chai. Huzungumza, huulizana bei ya viazi, hupiga makofi katikati. Jioni hii hakuna aliyethubutu kukohoa. Walikuwa wanasikiliza kwa masikio yote, kwa sababu kila noti ingeweza kuwa jibu.

Ruguru alipopanda juu, mama mmoja wa Tigania alimnong'oneza jirani kwamba amekubali. Ruguru aliposhuka, jirani akasema hapana, anaringa. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, Mutwiri alinyanyua maikrofoni kutoa shukrani kama ada. Cucu akamvuta koti hadi akaketi.

Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole. Okestra yote ilinyamaza, wakabaki wawili: fidla juu, besi chini. Kaberia masikini alipiga akiwa ameinamisha kichwa, jasho linamdondoka juu ya mbao. Hakukosea hata mara moja. Nilimtazama Ruguru, nikaona amegeuza sikio upande wa besi, kidogo tu, kama mtu aliyesikia akiitwa na hana hakika.

Mzee Nyamu alikuwa ametoa macho kwa mkono wa kushoto wa bintiye. Vidole vilikuwa vinakwenda juu ya nyuzi kimoja kimoja, vyepesi, havibani, havirudii, kila kimoja kinajua punje yake. Mzee amevuna kahawa maisha yake yote. Anamjua mtu anayevuna na anamjua mtu anayechezea tawi. Niliona kofia inashuka polepole kutoka mkononi hadi ikaanguka, na hakuiokota.

Ilipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Usifikiri hawakupenda. Walikuwa wanangoja tafsiri.

Kisha wakaanza. Nusu ya ukumbi iliapa kwamba ni ndiyo, hasa ule mwisho. Nusu ilisema ni hapana, ndiyo haiwezi kuwa na haraka vile. Mzee Mbaka alisema yeye alisikia ndiyo katikati na hapana pembeni, akaomba irudiwe. Cucu naye alikuwa anafuta macho kwa ile leso. Mwishowe Mutwiri akatembea hadi mlangoni na kumpa baba maikrofoni, kwa kuwa mwana ni wake.

Mzee Nyamu aliishika kwa mbali, kama watu wasioizoea.

"Nimesikiza," alisema. "Hiyo haikuwa ndiyo. Na haikuwa hapana." Alimnyooshea bintiye kidole. "Huyo ni mtu ako kazini. Na mtu akiwa kazini haulizwi mambo ya ndoa."

Ruguru alikuwa ameshusha fidla. "Na Jumatatu, Baba?"

"Jumatatu nitaenda mwenyewe kwa kiwanda, niwaambie watafute msichana mwingine. Wangu ameandikwa kazi tayari."

Hapo ndipo makofi yalipokuja, na yalikuja na viti vikigongwa sakafuni. Waliopiga kwa ajili ya muziki, waliopiga kwa ajili ya mzee, na wale waliopiga kwa sababu harufu ya chapati ilikuwa imefika, sikuweza kuwatenganisha. Beverlyne alilia hadi wanja ukashuka mashavuni. Nami nilipoandika mistari hii niliinuka nikaenda kunywa maji, na mhariri akaniuliza nina nini.

Wazee wa Kimeru ni watu wa haki. Mzee Mbaka alitangaza kwamba jibu lililoletwa na kazi si tusi, hakuna dume atakayelipwa, na lile swali linabaki pale mezani pamoja na kifurushi chake hadi mwenyewe apate nafasi ya kulijibu. Cucu alikunja leso. Alionekana ameridhika kuliko mtu asiyejibiwa anavyopaswa kuonekana.

Ruguru alikwenda kwenye meza ya wageni kuweka fidla ndani ya kasha. Alichomoa kwanza ule uzi wa sweta kwenye kigingi. Alipoinua kichwa, Kaberia alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa ameacha besi yake peke yake jukwaani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Ruguru, samahani," alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu. "Hii yote si mimi. Mimi ningekuja pole pole. Ningekuja hata mwaka ujao."

Ruguru alifunga kasha. Alimtazama. Na mkono wake wa kushoto, ule uliomwangushia baba kofia, ukaanza kutembea wenyewe juu ya meza. Ukapita maua ya plastiki. Ukapita chupa ya maji.

Mzee Nyamu aliona, akafungua mdomo kumwita bintiye, akaufunga. Cucu Ciokaraine aliona, akashika kiondo. Mzee Mbaka akainuka taratibu, na Mutwiri akapapasa nyuma yake akitafuta maikrofoni bila kuondoa macho. Kama ulikuwa woga wa baba yake uliompanda, au kama ni kitu kingine, mimi niliyeketi safu ya nne sikuweza kujua, na nadhani hata yeye hakujua.

Vidole vikachomoa kitawi kimoja. Vikakiambua gamba, na kikaingia mdomoni.

Mdomo ni wa Embu, hatukatai. Lakini meno, kama mjuavyo, yalikuwa Kinoru.